Kwenye gofu, mkwaju mbovu husamehewa

Anayeanza kucheza gofu huja uwanjani na hofu moja kubwa: kuchekwa. Anaogopa kwamba atapiga hewa mbele ya watu, kimpira kibaki palepale kwenye tii, pale pa kupigia mkwaju wa kwanza, na wale wanaosubiri zamu yao wamwone mshamba. Hofu hiyo haina msingi. Kuanzia viwanja vya Lugalo na Gymkhana za Dar es Salaam, Arusha na Morogoro, hadi Muthaiga ya Nairobi na Kitante ya Kampala, hakuna mchezaji ambaye hakuanza kwa kupiga hewa. Wazoefu hawamkimbii mtu kwa kuwa hajui kupiga. Wanamkimbia kwa kuwa anawachelewesha, anapiga soga mwenzake anapojipanga, anaacha makovu kila anapopita, anapunguza hesabu ya mikwaju yake na anamfokea kedi aliyembebea begi.

Hiyo ni habari njema kwa mgeni wa mchezo huu. Kupiga mpira ukaenda unakotaka ni kazi ya miaka, na wengine hawafiki. Adabu ya uwanjani unaweza kujifunza asubuhi moja, ukaitumia siku hiyohiyo, ukawa mtu ambaye hata mabingwa wa klabu wanafurahi kucheza naye. Kinachonisikitisha ni kwamba klabu zetu nyingi humpokea mwanachama mpya, zikachukua ada yake, zikamwelekeza kwa mwalimu wa kumfundisha kuzungusha fimbo, kisha zikamwacha aokoteze adabu mwenyewe kwa kukemewa. Mtu mzima akikemewa mbele ya watu mara mbili tatu, harudi.

Wanaotunga kanuni za gofu duniani, yaani R&A ya St Andrews, Scotland, na chama cha gofu cha Marekani, USGA, wamelipa jambo hili uzito. Kwa miaka mingi masuala ya adabu yalikaa katika sehemu yake peke yake mwanzoni mwa kitabu cha kanuni, na wengi waliyachukulia kama nasaha. Kanuni zilipoandikwa upya na kuanza kutumika Januari 2019, mwenendo wa mchezaji uliingizwa ndani ya Kanuni ya 1 yenyewe. Imeagizwa humo kwamba mchezaji awe mwaminifu, awajali wenzake na autunze uwanja. Akifanya utovu mkubwa wa nidhamu, kamati ya mashindano ina mamlaka ya kumwondoa, hata kama anaongoza.

Kwenye usalama, adabu inagusa uhai wa mtu. Mpira wa gofu hauruhusiwi kuzidi gramu 45.93, lakini ni mgumu, na ukipigwa na mtu wa kawaida kwa fimbo kubwa huweza kuondoka kwa kasi inayopita kilomita 200 kwa saa. Ukimpata mtu kichwani, hakuna samahani itakayotosha. Kwa hiyo usipige mpaka kundi lililo mbele limetoka kabisa mahali ambapo mpira wako unaweza kufika, hata ukiwa na yakini kwamba huna nguvu za kufika huko. Siku utakayougonga vizuri kuliko ulivyotarajia ndiyo siku ya hatari. Unapofanya mazoezi ya kuzungusha fimbo, tazama kwanza nyuma na pembeni. Mwenzako anapopiga, kaa ubavuni mwake, mbali kidogo, mahali anapokuona; usisimame mbele yake wala nyuma ya mgongo wake.

Wapo pia watu ambao wachezaji wengi huwasahau: mama anayefyeka, kijana anayekata nyasi kwa mashine, fundi wa mabomba ya maji. Hawa wako kazini, mara nyingi wameinama, na kelele ya mashine imewaziba masikio. Subiri wakuone na wakupe ishara. Na mpira wako ukienda upande wenye watu, piga ukelele wa "Foo!" kwa sauti yako yote, papo hapo. Wanaoanza huona haya kupiga kelele mahali palipo kimya vile, wakabaki wameshika mdomo huku wakiuangalia mpira unavyoshuka. Hapo haya haina nafasi. Nawe ukiusikia ukelele huo, usigeuke kutazama mpira unatokea wapi; inama na ufunike kichwa kwa mikono.

Sasa tuje kwenye kero inayoongoza, nayo ni uchelewaji. Watu wanne wakicheza mashimo 18 kwa mwendo mzuri hutumia saa 4 au zaidi kidogo. Piga hesabu: wote wanne wakiwa wachanga, kila mmoja akipiga mikwaju 100, hiyo ni mikwaju 400. Kila mmoja akipoteza sekunde 15 tu za ziada kwa kila mkwaju, kwa kuvaa glavu, kuuliza umbali, kuzungusha fimbo hewani mara ya tatu na ya nne, zinapotea sekunde 6,000. Hizo ni saa 1 na dakika 40. Na wanaozipoteza si hao wanne peke yao. Makundi yote yaliyo nyuma yao yamesimama juani yakisubiri, na la mwisho litamalizia giza likiingia, maana jua letu likizama huku karibu na ikweta halingoji mtu.

Kanuni za sasa zinamshauri mchezaji apige ndani ya sekunde 40 tangu zamu yake ifike na njia iwe wazi. Sekunde 40 ni nyingi sana ikiwa umejiandaa. Mwenzako anapopiga, wewe tayari umekwisha kukadiria umbali, umechagua fimbo, umevaa glavu. Tembea moja kwa moja kwenda kwenye mpira wako, si wote wanne kuandamana kwenda kwenye mpira wa mmoja. Ukienda kuutafuta mpira vichakani, beba fimbo mbili au tatu ili usirudi begini. Zamani wachezaji walikuwa na dakika 5 za kutafuta mpira uliopotea. Tangu 2019 ni dakika 3, zikiisha mpira umepotea. Ukihisi tangu mwanzo kwamba mpira wako huenda haupatikani, watangazie wenzako kuwa unapiga mpira wa akiba, upige hapohapo kabla ya kwenda kutafuta. Hilo peke yake litakuokoa na safari ya aibu ya kurudi kwenye tii huku kundi la nyuma limeegemea fimbo likikutazama.

Utaratibu wa kale unasema aliyefanya vizuri shimo lililopita ndiye anayetangulia kupiga kwenye tii, na baada ya hapo anapiga kwanza aliye mbali zaidi na shimo. Ni utaratibu mzuri wa heshima, na katika mchezo wa ana kwa ana bado unafuatwa kwa makini, kwa sababu mpinzani ana haki ya kufuta mkwaju uliopigwa nje ya zamu. Lakini katika mchezo wa kuhesabu mikwaju, kanuni zenyewe sasa zinahimiza aliye tayari apige, mradi hakuna hatari. Mwanzoni mwa mzunguko ulizaneni kuhusu hilo na mkubaliane.

Kuna jambo moja ambalo wanaoanza hulichukia kusikia, nami nalisema kwa nia njema: jifunze kuokota mpira. Mashindano mengi ya mwisho wa juma kwenye klabu zetu huchezwa kwa mtindo wa Stableford, uliopewa jina la daktari Mwingereza Frank Stableford, na ambao ulichezwa kwa mara ya kwanza katika mashindano klabuni Wallasey mwaka 1932. Katika mtindo huo unapata pointi kwa kila shimo, na ukishazidisha mikwaju hadi pointi zimeisha, hakuna faida yoyote ya kuendelea kuusukuma mpira kwenye shimo hilo. Okota, weka mfukoni, nenda kwenye shimo linalofuata ukiwa na nguvu mpya. Mtu anayepiga mkwaju wa kumi na tatu kwa ajili ya sifuri anajichosha na anawachosha wenzake. Na ikiwa kundi lenu limeachwa shimo zima na kundi la mbele, huku nyuma yenu wapo watu wanaokwenda mbio, simameni pembeni, wapungieni mkono wapite. Anayepisha hajashindwa lolote. Wanaopita hushukuru, na mara nyingi huwa ndio wanaokuuliza baadaye kama utapenda kucheza nao.

Ukifika kwenye grini, ule uwanda wa nyasi fupi wenye shimo na bendera, punguza sauti na punguza mwendo. Usikimbie, usiburute miguu, usiegemee fimbo. Usikanyage mstari ambao mpira wa mwenzako utapita kwenda shimoni. Zunguka au ruka. Angalia kivuli chako, hasa jioni kinaporefuka, kisilale juu ya mstari wake wala juu ya shimo. Begi liache upande wa kutokea kwenda tii inayofuata. Mkishamaliza, rudisheni bendera na mtoke. Alama mtaandika huko mbele, si hapo katikati huku wenzenu wanasubiri kupiga.

Lakini la maana kuliko yote kwenye grini ni kishimo kinachoachwa na mpira unapoanguka kutoka juu. Kikitengenezwa mara moja na kwa njia sahihi, nyasi hupona baada ya siku chache. Kikiachwa, eneo hilo hufa, hugeuka kovu gumu, na kupona kwake kunahesabiwa kwa wiki. Tembea na kile kiuma kidogo kinachouzwa kwenye duka la klabu. Kichomeke ukingoni mwa kishimo, sukuma nyasi za pembeni zije katikati, zunguka pande zote, kisha sawazisha kwa kitako cha fimbo ya kusukumia. Kosa la wengi ni kuchomeka kiuma chini ya kishimo na kukwanyua udongo uje juu. Hiyo hukata mizizi, na jitihada yako njema inakuwa madhara. Tengeneza chako, kisha tengeneza kingine kimoja ulichokuta. Kila mchezaji akifanya hivyo, grini za klabu zitakuwa laini mwaka mzima bila kuongeza hata shilingi.

Kwenye njia ya nyasi nako kuna deni. Fimbo iking'oa kibonge cha nyasi, usiondoke kana kwamba hukuona. Viwanja vingi vya ukanda wa joto vina ukoka, na vile vya nyanda za juu vina nyasi ya kikuyu, yenye asili ya milima yetu ya Afrika Mashariki na iliyobeba jina la Wakikuyu hadi kwenye viwanja maarufu kama Riviera, Los Angeles, ambako wachezaji wa kulipwa wanaiogopa kwa jinsi inavyoukumbatia mpira. Nyasi hizi hutambaa na kujifunika zenyewe zikipewa nafasi, kwa hiyo mara nyingi dawa ni kujaza mchanga kwenye jeraha na kuusawazisha kwa mguu. Makedi wengi huwa na mfuko wa mchanga. Kama klabu inataka kibonge kirudishwe, kedi atakwambia. Kwenye banka, lile bonde la mchanga, ingia kwa upande wa chini, usiporomoshe ukingo, na utoke ukiwa umesawazisha kwa reki nyayo zako na alama ya mkwaju wako. Hakuna aliye tayari kuucheza mpira wake ndani ya unyayo wa mtu mwingine.

Tofauti na soka, gofu ya kila siku haina refa. Uko peke yako kwenye majani marefu, mpira umesogea kidogo ulipoweka fimbo nyuma yake, na hakuna aliyeona. Hapo ndipo mchezo huu unapomjua mtu. Katika mashindano ya wazi ya Marekani ya mwaka 1925 huko Worcester, Massachusetts, Bobby Jones, mchezaji wa ridhaa na bingwa mkubwa wa zama zake, aliona mpira wake umesogea namna hiyo. Akajiongezea mkwaju mmoja wa adhabu, ingawa maofisa na wenzake hawakuwa wameona chochote. Mwisho wa mizunguko minne alilingana na Willie Macfarlane, wakarudiana, na Macfarlane akatwaa kombe. Mkwaju ule mmoja ndio uliomnyima Jones ubingwa, na watu walipomsifu kwa uaminifu wake, alikataa kabisa kusifiwa.

Anayeanza atapata majaribu ya aina hiyo kila shimo. Je, ile hewa niliyopiga inahesabika? Ikiwa ulikusudia kuupiga mpira, inahesabika. Je, niusogeze kidogo utoke kwenye mzizi? Ukiuona ni hatari, kanuni inakuruhusu kuutangaza kuwa hauchezeki na kuuondoa kwa adhabu ya mkwaju mmoja. Uliza tu, utaelekezwa. Kuuliza kanuni ni halali wakati wote. Ushauri wa namna ya kucheza una mipaka: katika mashindano, ukimuuliza mpinzani wako ametumia fimbo gani kabla wewe hujapiga, unapata adhabu. Wa kukushauri ni kedi wako, au mwenzi wako ikiwa mnacheza wawiliwawili.

Upo pia ukarimu wa mchezo. Mwaka 1969, katika Ryder Cup pale Royal Birkdale, Uingereza, pambano zima kati ya Marekani na Uingereza lilifika kwenye shimo la mwisho la mchezo wa mwisho. Tony Jacklin wa Uingereza alikuwa amebakiza mkwaju mfupi wa kusukuma, mfupi lakini wenye uwezo wa kumtetemesha mtu yeyote kwa uzito wa siku ile. Jack Nicklaus, aliyekwisha kumaliza, aliokota alama ya mpira wa Jacklin na kumsamehe mkwaju huo. Pambano likaisha 16 kwa 16, sare ya kwanza katika historia ya kombe hilo. Baadhi ya Wamarekani wenzake hawakufurahi. Mimi naona ni moja ya vitendo bora kabisa kuwahi kufanywa michezoni. Ila mgeni azingatie hili: kumsamehe mwenzako mkwaju kunaruhusiwa katika mchezo wa ana kwa ana tu. Kwenye kuhesabu mikwaju, kila mpira lazima uingie shimoni, hata ukiwa umebaki umbali wa shibiri.

Nimeyaacha makedi hadi hapa kwa makusudi, kwa sababu hapa ndipo viwanja vyetu vinapoficha aibu yao. Kedi wa Afrika Mashariki mara nyingi hana mshahara wa mwezi. Hufika alfajiri, husubiri apangiwe mchezaji, hubeba begi lenye fimbo zisizozidi 14 kwa saa nne na zaidi, hutafuta mpira majanini, husawazisha mchanga, husoma mteremko wa grini na kukwambia ulenge wapi. Kwa mchezaji anayeanza, huyo ndiye mwalimu wa karibu kuliko wote. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na kedi anajua yote niliyoyaandika hapa na mengine zaidi.

Hata hivyo wapo wanaomwita mzee mwenye mvi "boi" au "we kijana". Wapo wanaomtupia fimbo baada ya mkwaju mbaya, wanaomlaumu kwa umbali ambao wao wenyewe hawakuweza kuufikisha, wanaobishana naye malipo maegeshoni wakiwa wameegemea gari. Kama kedi ni mkubwa wako kwa umri, mpe shikamoo yake kama ambavyo ungempa mahali pengine popote. Muulize jina mwanzoni. Kubaliana naye malipo kabla ya mkwaju wa kwanza, mlipe mara mnapomaliza, na ukinunua maji katikati ya mzunguko, nunua chupa mbili. Mkwaju ukienda kombo, sema ni wako. Seve Ballesteros, Mhispania aliyeshinda Kenya Open mwaka 1978, alitoka kwenye familia ya wakulima wa Pedreña na alianza kwa kubeba mabegi ya wengine. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya, Uganda na Tanzania wameanzia hapohapo. Huyo unayemfokea anaweza kukupa mikwaju kumi ya mwanzo na bado akakushinda.

Kila uwanja una kanuni zake ndogo, ambazo huandikwa nyuma ya kadi ya alama au kubandikwa ubaoni, na ni heshima kwa mwenyeji kuzisoma. Huko Jinja, Uganda, karibu na chanzo cha Nile, viboko hutoka ziwani usiku kula nyasi, na uwanja huo unajulikana kwa kanuni inayomruhusu mchezaji kuuondoa mpira wake kwenye unyayo wa kiboko bila adhabu. Kwenye viwanja vyenye tumbili, mnyama akiuchukua mpira wako uliokwisha kutulia, unaweka mwingine mahali palepale, nayo haina adhabu.

Mavazi yasikusumbue sana. Shati lenye kola, suruali au kaptura ya heshima, gauni au sketi ya michezo, viatu visivyoharibu nyasi. Jinzi acha nyumbani, na piga simu klabuni kabla ya kwenda kama una shaka. Simu yenyewe iwe kimya. Mkimaliza shimo la mwisho, vua kofia, mpe mkono kila mmoja, kedi akiwemo.

Nina ombi kwa viongozi wa klabu zetu. Msimruhusu mwanachama mpya kuingia kwenye mashindano kabla hajatembea mashimo tisa na kedi mzoefu kwa ajili ya kufundishwa adabu peke yake: asimame wapi, atengeneze nini, apishe lini. Na kedi huyo alipwe na klabu kama mwalimu, kwa kuwa kazi hiyo ni ya ualimu.